Kwelea kwelea: Ndege mdogo anayevuka mipaka na kupandisha bei ya nafaka

KILA msimu, wakati magunia ya mtama, uwele na mchele yanapopangwa kwenye malori yanayosubiri kuvuka Namanga, Holili, Sirari au Mutukula, kuna msafiri mwingine wa nafaka anayepita juu ya vituo hivyo bila kusimama. Hana pasi ya kusafiria, hakaguliwi, halipi ushuru na wala haulizwi cheti cha uasilia wa bidhaa. Uzito wake haufiki gramu 30. Lakini akija na wenzake, shamba la ekari kadhaa linaweza kwisha kwa siku chache, na mfanyabiashara aliyeahidiwa tani kumi akajikuta anakabidhiwa magunia mawili.

Msafiri huyo ni kwelea kwelea, ndege wa nyika mwenye mdomo mwekundu, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Quelea quelea. Wataalamu humtaja kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Makadirio yanayotumika mara nyingi ni ya ndege wapatao bilioni 1.5 barani Afrika baada ya msimu wa kuzaliana.

Wakulima wanamfahamu kwa hasara. Wafanyabiashara wengi wanamfahamu kwa bei tu. Wanafika kijijini na kukuta debe la uwele limepanda, wanaambiwa “mwaka huu ndege wametumaliza,” wanashika njia kwenda kijiji cha pili. Hata hivyo, kwelea kwelea si janga linalodondoka kutoka mbinguni bila utaratibu. Ana ratiba, ana njia zake na ana chakula anachokipenda na kile asichokiweza. Anayeifahamu ratiba hiyo anaweza kujua mapema ni mzigo gani uko hatarini, na ni upande gani wa mpaka.

Anafananaje?

Kwa mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na nje ya msimu wa kuzaliana, kwelea kwelea anaweza kudhaniwa ni shomoro. Urefu wake kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia ni sentimita 12 hivi. Mgongo ni wa rangi ya kahawia yenye michirizi myeusi, na tumbo ni jeupe lenye uchafuuchafu. Kinachomtofautisha haraka ni mdomo. Ni mfupi, mnene, wenye umbo la koni, na rangi yake ni nyekundu. Mdomo wa namna hiyo umeumbwa kwa kazi moja kubwa, nayo ni kumenya na kuvunja mbegu ndogo.

Msimu wa kuzaliana ukifika, dume hubadilika sura. Uso wake huvaa kama barakoa nyeusi kuanzia kwenye paji hadi kooni, na kuizunguka barakoa hiyo hutokea rangi ya waridi au ya manjano inayoshuka hadi kifuani. Madume wachache huwa na uso mweupe badala ya mweusi. Jike habadiliki sana kwa manyoya, ila mdomo wake huacha wekundu na kuwa wa manjano. Kwa hiyo mtu akiona kundi lenye midomo ya rangi mbili, ajue kwamba ndege hao wako katika shughuli ya kujenga viota au kulea.

Kwelea kwelea ni wa ukoo mmoja na kwera na mnana, wale ndege wafumaji ambao viota vyao hupamba miti ya mijini na vijijini. Ana ndugu wawili wa karibu zaidi, ambao madume wao huwa na kichwa chekundu wakati wa kuzaliana, na mara nyingine huonekana pamoja naye. Lakini hao hawana makundi makubwa kama yake.

Ingawa wanasayansi wamemweka kwenye kundi la ndege waimbao, hakuna anayemsifu kwa wimbo. Sauti yake ni mlio mfupi wa kukwaruza. Pale wanapokusanyika kwa maelfu kwenye viota, milio hiyo huchanganyika na kuwa kelele moja isiyokatika, inayosikika kabla hata mtu hajayaona makoloni yao.

Nyika, miiba na maji

Makazi yake ni savana kavu na nusu kavu za kusini mwa jangwa la Sahara. Anapatikana kuanzia Senegal na Mauritania upande wa magharibi, kupitia Chad na Sudan hadi Ethiopia na Somalia, kisha kushuka Kenya na Tanzania hadi Zimbabwe, Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Huepuka jangwa lenyewe, huepuka misitu minene ya bonde la Kongo, na hapendi nyanda za juu zenye baridi kali.

Ili kundi likae mahali, vitu vitatu lazima viwe karibu. Cha kwanza ni majani ya msimu yanayotoa mbegu ndogo kwa wingi. Cha pili ni maji, kwa kuwa ndege anayekula mbegu kavu mchana kutwa lazima anywe kila siku. Cha tatu ni mahali salama pa kulala, hasa vichaka vya migunga yenye miiba, au matete na mafunjo ya kwenye mabwawa.

Ukivitazama vitu hivyo vitatu, utaona kwa nini skimu za umwagiliaji huvutia makundi makubwa. Wakati nyika imekauka na mbegu za porini zimepungua, skimu ya mpunga ina nafaka, ina maji kwenye mifereji na ina matete pembezoni. Maeneo kama Mbarali mkoani Mbeya, Bahi mkoani Dodoma na Moshi Chini mkoani Kilimanjaro yamekuwa yakipambana na ndege hawa kwa miaka mingi. Upande wa Kenya, wakulima wa Mwea na wale wa uwanda wa Kano karibu na Kisumu wana habari hizo hizo. Januari 2023, uvamizi wa kwelea kwelea kwenye mashamba ya mpunga ya kaunti ya Kisumu ulikuwa mkubwa kiasi cha kuifanya serikali iingie kazini kwa kunyunyizia dawa.

Siku moja ya kundi

Kundi huamka kabla jua halijachomoza. Ndege huondoka malazini kwa mafungu, kila fungu likielekea mahali lilipopata chakula jana yake. Hula kwa nguvu asubuhi, kisha huenda kunywa maji. Jua linapokuwa kali hupumzika kwenye vivuli vya miti, wakinyoosha manyoya na kupiga kelele. Alasiri hurudi tena shambani au nyikani kula hadi jioni, halafu huruka kwenda malazini kabla giza halijaingia.

Kwa mbali, kundi likiwa angani hufanana na moshi unaopinda na kunyooka. Likiwa chini hutembea kwa namna ya gurudumu. Walio nyuma, wakikuta mbegu zimekwisha, huruka juu ya wenzao na kutua mbele. Baada ya muda mfupi wale waliokuwa mbele huwa nyuma, nao huruka. Kwa mtindo huo kundi zima hubingirika shambani na kuacha nyuma yake masuke matupu.

Ndege mmoja anaweza kula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku, kiasi kinachokaribia nusu ya uzito wake. Gramu 10 si kitu kwenye mizani ya dukani. Lakini wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Ndege 1,000,000 wakila gramu 10 kila mmoja, hizo ni tani 10, yaani magunia 100 ya kilo 100, kwa siku moja tu. Tena hapo hazijahesabiwa punje zinazodondoshwa chini kwa kupigwa na mabawa na miguu. Makundi ya ndege milioni moja au zaidi si jambo la ajabu kwa kwelea kwelea.

Mvua ikinyesha, yeye ana njaa

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba mvua za kwanza, ambazo kwa mkulima ni neema, kwa kwelea kwelea ni mwanzo wa njaa. Kiangazi chote huwa anakula mbegu za majani zilizodondoka ardhini. Mvua zikinyesha, mbegu hizo huota kwa siku chache. Ghala lake linageuka majani mabichi yasiyoliwa, na mbegu mpya hazitapatikana hadi majani hayo yakue na kukomaa.

Hapo ndipo anaposafiri. Mtafiti Peter Ward, ambaye mwaka 1971 alichapisha uchambuzi wa safari za ndege huyu barani Afrika, alieleza kwamba kabla ya kuondoka kwelea kwelea hujaza mafuta mwilini, kisha huruka kuvuka eneo lote ambalo mvua ndiyo kwanza imeanza. Hutua kule ambako mvua ilitangulia kwa wiki sita au zaidi. Huko majani yameshatoa mbegu na wadudu wamejaa. Baadaye, mvua inaposonga mbele na majani kukomaa njia nzima, ndege hurudi nyuma hatua kwa hatua, akizaliana kila anapokuta hali nzuri.

Kwa sababu hiyo jozi moja inaweza kulea vifaranga mahali pamoja, ikasafiri mamia ya kilomita, kisha ikalea tena mahali pengine ndani ya mwaka huo huo. Ushahidi ulipatikana Ethiopia katika miaka ya 1980. Watafiti walinyunyizia ndege kwa rangi maalumu inayong'aa wakiwa kusini mwa Bonde la Ufa. Baadaye ndege wenye rangi hiyo walikutwa wakizaliana upande wa kaskazini.

Ramani ya mvua za Afrika Mashariki inampa mwanya wa kufanya hivyo. Katikati ya Tanzania, Dodoma na Singida, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya zina misimu miwili, vuli na masika. Mahali pamoja mbegu zinapokwisha, pengine zinaanza kukomaa. Kwa ndege mwenye mabawa na asiyesimamishwa mpakani, nchi hizo ni shamba moja lenye vipande vinavyoiva kwa zamu.

Wiki sita za kulea

Kuzaliana kwake ni kwa haraka na kwa pamoja. Makoloni huwekwa kwenye migunga na miti mingine ya miiba, na yanaweza kutanda kwenye makumi ya hekta. Mti mmoja unaweza kubeba mamia ya viota.

Dume ndiye fundi. Hufuma kwa majani mabichi, akianza na kitanzi, kisha hukijaza hadi kiwe kitu mfano wa mpira mdogo wenye mlango ubavuni. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu. Tofauti na ndege wengi wa ukoo wake, ambao dume mmoja huwa na majike kadhaa, kwelea kwelea huwa na jike mmoja kwa kila malezi.

Jike kwa kawaida hutaga mayai matatu. Huatamiwa kwa siku kama 10 hadi 12 tu. Siku za mwanzo vifaranga hulishwa wadudu, baadaye mbegu laini. Wiki mbili hivi baada ya kuanguliwa wanaanza kutoka kiotani. Tangu kitanzi cha kwanza hadi vifaranga kujitegemea huwa zimepita kama wiki sita, na kwa kuwa jozi zote za koloni huanza karibu siku moja, mamia ya maelfu ya vijana hutoka kwa mpigo.

Hawa vijana ndio wanaopaswa kuogopwa na mwenye shamba. Wazazi huondoka mapema kutafuta mahali pa kuzalia tena. Vijana hubaki jirani, hawajui bado mambo ya nyika, na mara nyingi uhuru wao huanza wakati mtama na uwele unajaza punje.

Si kwamba hawana maadui. Tai, vipanga, korongo na nyoka hufuata makoloni na kula vifaranga hadi kushiba. Hata hivyo, wingi wenyewe ni kinga. Ndege wote wakizaa kwa wakati mmoja na kumaliza ndani ya wiki sita, walaji hawawahi kupunguza hesabu.

Anachokula na asichokiweza

Kwa mfanyabiashara, hapa ndipo penye somo lenye fedha ndani yake.

Chakula cha asili cha kwelea kwelea ni mbegu za majani ya porini, na zikiwapo za kutosha mara nyingi hazihangaikii nafaka za watu. Huingia mashambani mbegu hizo zinapopungua, au shamba likiwa kwenye njia ya kwenda malazini na kwenye maji. Nafaka anazozishambulia ni zile zenye punje ndogo na zilizo wazi, yaani mtama, uwele, ulezi, mpunga na ngano. Mahindi kwa kiasi kikubwa huokoka, kwa kuwa punje yake ni kubwa kuliko uwezo wa mdomo huo na imefunikwa na maganda.

Muda wa hatari nao unajulikana. Ndege hupenda punje ikiwa bado na maziwa, au imeanza kuwa kama unga uliokandwa. Punje hiyo hukamuliwa na kuacha ganda tupu, hivyo suke linaweza kuonekana kwa mbali kama lipo, kumbe halina kitu. Mnunuzi anayelipa fedha za awali kwa kuangalia shamba kutoka barabarani wakati mtama una maziwa anacheza bahati nasibu.

Aina ya mbegu pia ina maana. Mtama wa kahawia, kama vile Serena iliyotokana na utafiti wa Serere nchini Uganda, una kemikali inayoleta ukakasi mdomoni, hasa punje ikiwa changa. Ndege wakiwa na chaguo jingine huupita. Mtama mweupe hauna ukakasi huo. Unapendwa kwa ugali, unapendwa na viwanda vya bia, na unapendwa na kwelea kwelea. Ndiyo sababu mkulima anayeambiwa kuna soko zuri la mtama mweupe hupiga kwanza hesabu ya kuulinda.

Hasara yenyewe haigawanyiki sawasawa. Ukichukua mavuno ya nchi nzima, sehemu inayoliwa na ndege kwa kawaida ni ndogo. Lakini kijiji kilicho kilomita chache kutoka malazini kinaweza kupoteza karibu kila kitu, huku kijiji cha jirani kikivuna kama kawaida. Takwimu za taifa haziwezi kumsaidia mfanyabiashara aliyeweka fedha zake zote kwenye kijiji cha kwanza.

Gharama ya kuamia

Kabla ya dawa na ndege za kunyunyizia, kulikuwa na kuamia, na bado ndiyo njia ya wengi. Mkulima hujenga dungu katikati ya shamba. Kuanzia alfajiri hadi magharibi mtu lazima awe juu yake au azunguke, akipiga makopo, akirusha udongo kwa kombeo, akitikisa kamba zilizofungwa vitambaa na mikanda ya kaseti. Kuamia kunaanza punje zinapojaa na kunaisha siku ya kuvuna. Ni kama mwezi mzima, bila Jumapili wala Ijumaa.

Mwenye uwezo huajiri vibarua. Asiye na uwezo hutumia watoto, na katika vijiji vingi mahudhurio ya shule hushuka wakati huo. Gharama hizo zote, ya kibarua, ya chakula chake na ya darasa lililokosekana, zimo ndani ya bei ya debe. Mnunuzi anapouliza kwa nini mtama ni ghali wakati mvua ilikuwa nzuri, sehemu ya jibu iko juu ya dungu.

Wako wakulima waliochoka wakahamia mahindi kwa sababu hiyo tu, hata katika maeneo makavu ambako mtama na uwele ndivyo vinavyostahimili ukame. Mwaka wa mvua chache, mahindi hayo hukauka, na eneo ambalo lingeuza nafaka linageuka kuwa la kununua. Hivyo kwelea kwelea anaweza kusababisha upungufu hata kwenye shamba ambalo hakulitembelea.

Dawa, na hatari yake

Makundi yakiwa makubwa, serikali hunyunyizia sumu malazini au kwenye makoloni, kwa kawaida jioni ndege wanapokuwa wamekusanyika. Inayotumika zaidi ni fenthion, inayojulikana pia kwa jina la kibiashara la Queletox. Kazi hiyo hufanywa kwa ndege za kilimo, kwa mashine za kubeba, na miaka ya karibuni kwa ndege zisizo na rubani.

Sumu hiyo haichagui. Huua pia bundi, vipanga na ndege wengine waliolala hapo au waliokula mizoga, na ikiingia majini hudhuru viumbe wa majini. Hatari iliyo karibu zaidi na soko ni ya watu wanaookota ndege waliokufa au waliolegea baada ya kunyunyizia na kuwala au kuwauza.

Hilo halina maana kwamba nyama ya kwelea kwelea ni mbaya. Wilayani Kondoa, Tanzania, watu wamekuwa wakiwatega kwa mitego ya vikapu vya majani, na ndege hao ni kitoweo na biashara. Nchini Chad, wategaji wenye nyavu za mikono hukamata mamilioni kila mwaka, huwakausha na kuwauza mijini. Aliyetegwa na aliyenyunyiziwa, wakishakaukia kwenye sinia, hawatofautiki kwa macho. Mchuuzi asiyejua mzigo umetoka wapi ni heri aupite.

Na je, sumu inawamaliza? Inaweza kuokoa mavuno ya eneo fulani kwa msimu huo, na kwa mkulima husika hilo si jambo dogo. Lakini baada ya miongo kadhaa ya kuuawa kwa mamilioni katika nchi nyingi, kwelea kwelea bado ndiye anayeongoza kwa idadi. Ndege anayeweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, katika nchi tofauti, hamalizwi na nchi moja.

Taarifa ivuke kabla ya kundi

Kanda ilitambua hilo zamani. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, DLCO-EA, liliundwa mwaka 1962. Wanachama wake ni Djibouti, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda. Pamoja na nzige, linashughulika na viwavijeshi, mbung'o na kwelea kwelea, na ndege zake hutumwa kwenye nchi wanachama zinapoomba msaada. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo wafanyabiashara wanaifahamu kwa vyeti vya afya ya mimea vya mazao yanayovuka mpaka, ndiyo hiyo hiyo inayoshughulikia ndege hawa.

Lakini shirika na mamlaka hutegemea mtu wa kwanza kuona. Malazi yakigunduliwa mapema, kabla vijana hawajatawanyika, kazi huwa ndogo na sumu hutumika kidogo. Wafanyabiashara wa mipakani ni miongoni mwa watu wachache wanaopita vijiji vya nchi mbili ndani ya wiki moja. Aliyeona kundi jioni likishuka kwenye matete upande huu ana habari ambayo afisa ugani wa upande ule anaihitaji. Simu moja inatosha.

Kwa faida yake mwenyewe, mnunuzi wa nafaka ana maswali machache ya kuuliza kabla ya kuacha fedha kijijini. Mtama ni mweupe au wa kahawia? Umefikia hatua gani, maziwa au umekauka? Mwaka jana ndege walilala wapi, na mwaka huu wameonekana? Nani anaamia, na amelipwa hadi lini? Majibu yakiwa mabaya, si lazima kukimbia. Anaweza kupunguza malipo ya awali, kugawa oda kwenye vijiji viwili au vitatu vilivyo mbali mbali, au kuchangia gharama ya kuamia kwa makubaliano ya kupata mzigo kwanza. Wiki nne za kibarua juu ya dungu ni nafuu kuliko lori lililokodiwa likarudi tupu.